Kishikio cha Ngazi na Fundi wa Kibati

Kishikio cha ngazi, yaani ule mti au bomba linalopita kando ya vidato ili apandaye apate pa kujishikia, huhesabiwa na wenye nyumba wengi kuwa pambo la mwisho, ambalo hukumbukwa baada ya bati, milango na rangi kwisha, na aghalabu baada ya mgeni wa heshima kushuka vidato vyote kwa mkupuo mmoja. Huko Kibati, kaskazini ya Goma kwenye barabara iendayo Rutshuru, haja hiyo haingoji ghorofa, kwa sababu kijiji kimekaa juu ya lava ya mlima Nyiragongo, na nyumba za mbao zinazosimikwa juu ya msingi wa mawe meusi huacha mlango ukielea juu, hata mwenye nyumba akalazimika kuupandia kwa mawe mengine.

Taabu huanzia kwenye nguzo. Jiwe la lava limejaa vitundu vilivyoachwa na gesi lilipokuwa likipoa, kwa hiyo tindo, yaani chuma kinachogongwa kwa nyundo kuchimbia jiwe, hukataliwa kwa muda mrefu kisha huzama ghafla kwenye uwazi ambao hakuna aliyeutarajia. Shimo lililokusudiwa kuwa la upana wa ngumi hugeuka kuwa malazi ya kuku, na saruji iliyonunuliwa kwa nguzo mbili humezwa yote na nguzo moja, huku ile ya pili ikishikiliwa kwa vijiwe, misumari na matumaini.

Hufuata suala la kimo cha kishikio, ambacho vitabu vya ujenzi hukikadiria kuwa sentimita 90 hivi kutoka ukingo wa kidato. Fundi asiye na futi ya kupimia hutumia kiuno chake mwenyewe, na akiwa mrefu, bibi mwenye nyumba hupanda ngazi akiwa amenyoosha mkono kama aombaye ruhusa ya kusema. Kuhusu vidato vyenyewe, ambavyo kishikio hakina budi kuvifuata, Mfaransa François Blondel, katika mafunzo ya usanifu aliyoanza kuyachapisha mwaka 1675, alishauri kwamba kimo cha kidato kikizidishwa mara mbili na kuongezwa upana wake, jumla ilingane na hatua moja ya mtu. Ila Blondel hakuletewa mawe ya Nyiragongo, ambayo kila moja lina kimo chake na msimamo wake. Mti ulionyooka ukilazwa juu ya vidato vilivyopinda, humfikia mpandaji kiunoni chini na magotini juu. (Lava yenyewe iliwahi kurekebisha ngazi bila kuitwa: ile ya tarehe 17 Januari 2002 iliingia mjini Goma na kuzika sehemu za chini za majengo kadhaa, hata ghorofa ya kwanza ikawa ndiyo ya chini.)

Mkaratusi mbichi, ambao hupendwa kwa kuwa unapatikana, huleta mkasa wa mwisho, kwani ukikauka hujipinda na kupasuka kwenye ncha, palepale misumari ilipopigiliwa, na kishikio kilichokuwa sambamba na ngazi wakati wa mvua huipa mgongo kiangazi. Ajabu ni kwamba maseremala wa eneo hili ndio wanaotengeneza chukudu, ile baiskeli ya mbao isiyo na pedali, ambayo huteremka barabara ya Kibati ikiwa na mamia ya kilo za makaa au kabichi bila kiungo kuachia. Ustadi basi upo. Tofauti ni kwamba mwenye chukudu huipanda mwenyewe na kuionja kwenye mteremko, ilhali fundi wa kishikio huondoka na fedha zake kwa kupita katikati ya ngazi, mikono mfukoni. Anayejenga leo na azuie malipo ya mwisho mpaka fundi aning'inie kwenye kishikio chake kwa uzito wake wote, mbele ya majirani.