Sina Pepo

Baba yangu alikuwa bingwa wa dhumna pale barazani kwetu Tanga, na kosa langu la kwanza lilikuwa kudhani ubingwa hurithiwa. Dhumna ina kete 28. Ukishazijua hizo umemaliza. Kinachobaki ni kelele, na ufundi wa kuibamiza kete mezani mpaka vikombe vya kahawa viruke. Kwa hiyo siku Ayi aliponigongea mlango sikuona cha kuogopa.

Ayi ndiye mama mwenye nyumba wangu hapa Guangzhou. Neno lenyewe kwa Kichina ni mama mdogo, na ndivyo unavyomwita mwanamke yeyote wa makamo kama unapenda kuishi kwa amani. Mimi nimekuja kusoma shahada ya pili, na chumba changu kiko juu ya sebule yake. Jumamosi ile mmoja wa wenzake wa majongi, mchezo wa kete wa Kichina, alikuwa amekwenda kulea mjukuu, na meza ilikuwa na watu watatu. Wachina wana jina la msiba huo: san que yi, watatu wanapungukiwa na mmoja. Ukiitiwa san que yi unaacha hata chungu jikoni. Nikateremka na kandambili zangu, nikakalishwa, nikapewa kete 13, na nusu saa baadaye nilikuwa nimefilisika mbegu zote za alizeti nilizokopeshwa. (Tunachezea mbegu. Nilimwahidi mama kwamba huku ugenini sitagusa kamari, na Ayi nilipomweleza hivyo hakuuliza swali, aliniwekea kibakuli.)

Usiku ule nikaapa kununua seti yangu, nijifunze kwa siri, kisha nirudi kulipa kisasi.

Ukiandika jina la mchezo huu kwenye programu ya kununulia vitu, simu inakufungulia bahari. Kulikuwa na seti za Kijapani, kete ndogondogo, zingine zenye tano nyekundu kama zimepakwa hina, na pembeni vijiti vyembamba vyenye vidoa. Nikasema hawa watu ni wakarimu, wanakupa mpaka vya kuchokonolea meno. Kumbe ndivyo vya kuhesabia pointi. Kulikuwa na za Kimarekani, kete 152, zikiwemo jokeri nane, na kila kete ina namba pembeni kwa ajili ya wasiosoma Kichina. Mchezo huu Wamarekani waliupata kwa nguvu miaka ya 1920, kwa mkono wa Joseph Park Babcock, mwenzao aliyekuwa akiifanyia kazi kampuni ya mafuta ya Standard Oil mjini Suzhou. Namba zile nilizitamani, nakiri. Sita ya Kichina na nane ya Kichina kwangu mimi ni ndugu wa tumbo moja, mmoja kavaa kofia. Lakini nilijiuliza Ayi atanitazamaje nikimletea majongi yenye namba, nikaona ni afadhali nisijue kusoma kwa heshima.

Basi nikachagua kama ninavyochagua viatu: kwa sura na bei. Kete za rangi ya maziwa, mgongo wa kijani, bei ya kutupa. Pembeni paliandikwa 20. Sikuuliza ishirini ya nini. Picha ya kete haina mkono wa mtu, ndiyo hila yake. Kwenye kioo cha simu kete zote ni nono kama mahamri.

Kifurushi kilikuja kimeingia mfukoni mwa yule kijana mletaji. Zile ishirini zilikuwa milimita. Za Ayi ni 42. Mimi nilinunua seti ya safari, ya kuchezea kwenye treni, kila kete kama kipande cha bablishi.

Nilijipa moyo, nikazipanga juu ya meza ya kusomea nianze darasa. Majongi ina familia tatu, kila moja kuanzia moja hadi tisa, na kila kete iko mara nne. Kuna duara, ambazo wengine huziita bing, yaani chapati, na hizo nilizishika siku ya kwanza kwa sababu zinazojulikana tumboni. Kuna mianzi, ambayo moja yake haina mwanzi hata mmoja, ina ndege. Ndege mwenyewe amechorwa kwa madaha ya tausi, lakini mezani huitwa kuku. Kuna maandishi ya wan, elfu kumi. Halafu wanakuja wakubwa: joka jekundu, la kijani na jeupe, na pepo nne za dunia. Juu yao yapo maua manane, kamili 144. Pepo ndizo nilizojisifia. Nilizipa majina ya kwetu: Matlai wa mashariki, Kusi, Umande wa magharibi, na Kaskazi. Marehemu babu mzaa mama, nahodha wa jahazi, angefurahi. Angefurahi mpaka aone wanavyokaa. Mezani, anayeketi Mashariki humkuta Kusini mkono wake wa kulia. Sasa kaa wewe upande wa mashariki, tazama katikati, uniambie kulia kwako ni wapi. Ni kaskazini. Wachina hawa waliovumbua dira wamekaa mezani wakaigeuza, na hakuna anayestuka. Babu angepiga makasia kurudi nyumbani.

Nikiwa katika mawazo hayo, mkono wangu ulikuwa na kazi yake. Hapa Guangzhou karanga huchemshwa na maganda yake, na nilikuwa na bakuli pembeni. Macho kwenye kete, vidole kwenye karanga. Na wewe unajua vidole visivyosimamiwa vinavyofanya. Jino la nyuma likalia kaa! Nikatema Kaskazi, ameingia alama ya jino kwenye kona. Tangu hapo kila nikimshika namjua hata akiwa kifudifudi, na kete inayojulikana mgongo ni wizi, hata ukicheza peke yako.

Safari ya pili sikutaka picha. Nilikwenda mwenyewe kwenye soko la jumla, duka la mwanamke mmoja aliyekuwa na seti zimepangwa kama matofali. Nikaomba kubwa kuliko zote. Milimita 44! Ukizigonga zinalia kama vigae vya msikitini. Nikapatana, nikashinda kwa urahisi ambao ulipaswa kunitia wasiwasi, nikabeba begi bega likiniuma hadi kituo cha treni ya chini kwa chini, nikijiona fundi.

Nyumbani nikazimwaga. Chapati zipo. Kuku wapo. Wan zipo. Matlai hayupo. Kusi hayupo. Nikatafuta ndani ya begi, chini ya kitanda, ndani ya kandambili. Hakuna upepo, hakuna joka, hakuna ua. Kete 108 tu. Nimeibiwa!

Nikarudi sokoni mbio kabla hawajafunga. Njiani nikatunga sentensi yangu. Upepo ni feng, kukosa ni mei, mimi ni wo. Nikasimama mlangoni na jasho langu, nikaweka begi chini kwa kishindo, nikatangaza mbele ya wateja wote: "Wo mei feng!"

Mwenye duka akarudi nyuma hatua moja. Nikadhani hajasikia. Nikapaza: "Wo mei feng! Wo mei feng!"

"Sawa, rafiki, sawa," akasema kwa upole, huku mkono ukipapasa kutafuta simu. Mteja mmoja akachukua mtoto wake akatoka.

Kilichonisaliti ni kwamba feng ya upepo na feng ya wazimu hutamkwa vilevile, sauti ileile ya juu isiyopanda wala kushuka. Mimi nilidhani nalalamika kwamba sina pepo. Wao walisikia mtu mzima, ametota jasho, anawaapia kwamba si mwendawazimu. Na jinsi nilivyokuwa nikitikisa kichwa, hata Tanga wangeniamini kinyume: anayepiga kelele sokoni kwamba hana pepo, huyo mpelekeni kwa mganga.

Aliyeniokoa ni binti wa duka, msichana wa miaka kama tisa aliyekuwa akifanya hesabu za shule nyuma ya kaunta. Aliniangalia, akaangalia begi, akanionyesha kwa penseli karatasi iliyobandikwa juu yake. 108. "Ya Sichuan," akasema, akarudi kwenye hesabu zake. Watu wa Sichuan hawachezi na pepo wala majoka. Wanatosheka na familia tatu, na hata katika hizo kila mmoja analazimika kuitupa moja.

Habari ilimfikia Ayi kabla yangu, sijui kwa njia gani. Keshoye alivaa kofia yake, akanipeleka mwenyewe duka jingine. Hakutazama sanduku. Alichukua kete nne akazisimamisha, akainama kuona kama kuna inayoegemea mwenzake. Akanusa moja. Akafumba macho, akapitisha kidole gumba kwenye uso wa nyingine, akasema "chapati mbili", akaifunua: chapati mbili. Kisha akazigeuza zote kifudifudi chini ya taa, akapitisha macho mgongo kwa mgongo akitafuta mkwaruzo. Nikamkumbuka Kaskazi wangu na jino, nikanyamaza. Mwisho akauliza meza yangu ina upana gani. Sentimita 50, nikajibu kwa fahari. Akahesabu hewani: ukuta ni safu 18, kila kete kama sentimita tatu. Hata mimi niliifanya hesabu hiyo. Akanunua za milimita 40 na kunishauri nicheze sakafuni.

Kwa hiyo siku hizi nacheza kwenye mkeka niliotoka nao nyumbani. Kwa kuwa sina wa kucheza naye, nachezea pande zote nne: nakaa Matlai, nacheza, nainuka, nazunguka kwa Kusi, najitahidi kusahau nilichokiona kule. Juzi usiku nilikuwa nikichanganya kete, na kete 144 kwenye sakafu ya vigae, hata pakiwa na mkeka, ni mvua ya mawe kwenye bati. Mlango ukagongwa. Ayi, na kanzu yake ya kulalia, alikuja kuona ni nani anayecheza bila kumwita.

Akachungulia. Akaona pande nne, na mtu mmoja akitambaa kwa magoti kati yake.

"Nani anaongoza?" akauliza.

"Magharibi," nikasema. "Mara tatu mfululizo."

Akavua ndara, akaketi penye Matlai, akazitazama kete zangu kwa huruma. Akachomoa moja ambayo mimi nilikuwa nikiitunza tangu mwanzo, akaitupa katikati, akanisukumia bakuli la karanga mbali kidogo na mkeka.