Mjomba Josh na Pazia

Katika filamu bubu, yaani filamu isiyo na sauti iliyorekodiwa, iitwayo Uncle Josh at the Moving Picture Show, ambayo Edwin S. Porter aliitengenezea kampuni ya Edison nchini Marekani mwaka 1902, mshamba Josh, aliyeketi pembeni mwa jukwaa, anamwona mcheza dansi wa Paris katika picha za sinema, naye bila kuuliza anaruka chini acheze pamoja naye. Treni inapomjia anatimua mbio, kwa kasi isiyolingana na ndevu zake. Lakini anapomwona mwanamume akimbembeleza mwanamke, anavua koti ili amtie mpenzi huyo adabu, analiangusha pazia, yaani kitambaa kinachopokea picha, na nyuma yake anamkuta mwendesha mtambo wa kuonyeshea picha, ambaye anagaagaa naye sakafuni kwa mieleka isiyo ya picha hata kidogo.

Watazamaji walialikwa kumcheka Josh, nao, kwa ustaarabu wao wote, walikuwa wamelipa kiingilio ili wakikodolee macho kitambaa cha namna hiyohiyo. Treni yenyewe, Black Diamond Express, ilikuwa mada ya filamu ambayo kampuni hiyo ilikwisha kuitoa mwaka 1896, hivyo kichekesho kilibeba tangazo mgongoni. Wazo zima, kwa bahati iliyoje, linafanana mno na filamu ya Mwingereza Robert W. Paul ya mwaka 1901, ingawa Edison alikuwa hodari wa kuwaburuza washindani mahakamani kwa ajili ya hataza, yaani haki za kisheria za uvumbuzi.