Jinsi ya Kupiga Picha Matema Bila Kuiaibisha Kyela

Anza kwa kuiacha nyumbani ile kofia pana ya ukili na lile gauni jeupe la kupepea. Tumeshayaona. Kila likizo watu wanashuka Matema, wanaipa mgongo milima, wanachagua kipande cha maji na mchanga kisicho na mtumbwi wala mtu, wanatia filta ya buluu, kisha wanarusha statasi: "Visiwani raha." Ndugu zao walioko Dar wanawapongeza kwa kufika Nungwi.

Sasa wewe umetoka Mbeya, umeteremka Tukuyu katikati ya migomba na mashamba ya chai, umepita Ipinda magoti yakiwa yamebanwa na gunia la mpunga la abiria mwenzako, yote hayo ili upige picha ya mahali pengine? Nungwi pana wapigapicha wake na hawajaomba msaada. Hapa uko kwenye ncha ya kaskazini ya Ziwa Nyasa, la tatu kwa ukubwa Afrika, lenye kina kinachofikia mita 700 hivi na mamia ya aina za samaki wasiopatikana popote pengine duniani. Ukilitazama ziwa, kushoto kwako Milima ya Livingstone inashuka mpaka majini. Picha ya Matema isiyo na mlima ni picha ya beseni.

Tuje kwenye mwanga, maana hapa ndipo mabingwa wengi wanapoumbuka. Utawakuta saa kumi na mbili asubuhi wamejipanga ufukweni, simu juu, wakisubiri jua lichomoze kwenye maji. Litachomoza wapi? Mashariki yote imezibwa na milima. Upande wa Malawi utaanza kung'aa wakati Matema bado ipo kivulini. Saa hiyo ondoka hapo, uwafuate wavuvi wa usipa wanaorudi na taa zao za usiku, uwaamkie, uombe ruhusa, halafu piga nyavu na mikono yao.

Saa yako ni jioni. Jua likishuka magharibi, watu wote huligeukia na kurudi na picha ileile iliyojaa kwenye simu za nchi nzima. Wewe lipe mgongo. Tazama milima. Mwanga unaipiga uso kwa uso, kila korongo linajitokeza na kivuli chake, miamba inageuka rangi ya kutu, na chini yake mtumbwi mmoja unaonekana mdogo mpaka unaelewa ukubwa wa mahali ulipo. Subiri hapo hapo mpaka rangi iishe. Ukiondoka mapema kuwahi chipsi, hatukuhurumii.

Mvua isikukimbize. Kyela ni kati ya sehemu zenye mvua nyingi Tanzania, zaidi ya milimita 2,000 kwa mwaka, na Aprili ndiyo balaa lenyewe. Anayetaka anga kavu amekosea wilaya. Simama barazani, piga pazia la mvua likija kutoka ziwani. Na ukiona mawingu meusi membamba yamesimama wima juu ya maji kama moshi, usipige yowe la meli kuungua. Ni vijidudu vya ziwani, mamilioni kwa mamilioni. Wapige wakiwa mbali. Wakikaribia, funga mdomo.

Mdomo wa Mto Lufilyo uachie mamba. Hakuna pozi linalostahili mguu. Kwenye Bandari ya Itungi na mpaka wa Kasumulu, uliza askari kwanza kabla ya kupiga.

Chakula nacho kina wagonjwa wake. Sahani ya wali wa Kyela na mbasa imewekwa mezani, mtu amepanda juu ya kiti anatafuta engo. Mchele huu sifa yake ni harufu, na harufu haijaanza kuingia kwenye simu. Shuka, nawa, kula.

Jumamosi nenda Lyulilo, mwendo mfupi tu kutoka Matema. Hapo ndipo akina mama wa Kikisi kutoka Ikombe huleta vyungu vyao kwa mitumbwi, na vyungu hivyo huendelea mpaka Mbeya na mbali zaidi. Kuna kijana ambaye ni nadra kukosekana siku hiyo: anakwapua chungu, anakitwika kichwani, anacheka na simu, anakirudisha na kuondoka. Kijana huyo asiwe wewe. Chungu kile kimefinyangwa kwa mkono bila gurudumu, udongo umechimbwa, umepondwa, umekandwa, kimesuguliwa mpaka kikawa laini, kikachomwa, kikavuka maji bila kupasuka. Aliyekifanya yupo mbele yako.

"Shikamoo, mama. Naomba nikupige picha."

"Marahaba. Utanunua?"

Ni swali la haki kabisa. Nunua, tena usimkabe bei kwa chombo kitakachopika maharage yako miaka na miaka. Kisha chuchumaa, usimpige kutoka juu. Sogea karibu: ule mstari mwekundu kwenye shingo ya chungu, udongo mkavu kwenye mikunjo ya vidole vyake, kidole gumba kinachogonga ubavu wa chungu ili usikie mlio wa kizima. Hiyo ndiyo picha ambayo hakuna mtu Nungwi, Mombasa wala Maldives atakayeweza kuirudia.

Halafu muulize jina, uliandike. Ukifika mjini Kyela isafishe ile picha, nakala mbili. Moja yako. Ya pili andika nyuma jina la mama na Ikombe, mpe kondakta wa gari la Matema pamoja na hela ya soda, umwambie ni ya soko la Jumamosi.