Timu Kinu na Timu Upepo: Hoja Nane za Barazani, Kutoka Nyepesi Hadi Nzito

Tangu serikali ya Kenya ilipoitaja Uyombo, kijiji cha wavuvi huko Kilifi, kuwa mahali pa kujenga kinu cha kwanza cha nyuklia nchini, mabaraza ya kahawa Pwani yamegawanyika kama mashabiki wa Simba na Yanga. Timu Kinu inasema bila nyuklia tutakula moshi milele. Timu Upepo, inayowabeba pia watu wa jua, maji na mvuke, inajibu kwamba Mungu ametupa vya bure, tunakopea nini? Kila upande unadai ndio utakaoiokoa hali ya hewa. Nimewasikiliza, nikazipanga hoja zao kwa uzito, tukihesabu kurudi nyuma. Atakayekasirika asogee upande wa pili wa dele.

8. "Kinu ni bomu lililolala"

Hii ni ya Timu Upepo, na hakuna nyepesi kuliko hii. Urani ya kinu cha kawaida hurutubishwa hadi asilimia 3 au 5. Ya bomu hufikia kama 90. Kinu kinaweza kuyeyuka na kumwaga mionzi, Chernobyl 1986 na Fukushima 2011 ni mashahidi. Kulipuka kama Hiroshima hakiwezi. Na tukiitaja Hiroshima, tusijifanye wageni wa mambo haya: sehemu kubwa ya urani ya mradi wa bomu wa Wamarekani ilichimbwa Shinkolobwe, Katanga, huko Kongo. Hata kinu cha kwanza barani Afrika, kidogo cha utafiti, kiliwekwa Chuo Kikuu cha Lovanium, Kinshasa, mwaka 1959.

Kinshasa ilipata kinu kabla ya uhuru. Umeme usiokatika bado inausubiri.

7. "Upepo hauna bili"

Haya, muulize aliyelipa. Kule Loiyangalani, kando ya Ziwa Turkana, kumesimamishwa mitambo 365 ya upepo yenye uwezo wa megawati 310. Upepo wa pale hauna utani, ni miongoni mwa upepo bora duniani kwa kazi hiyo. Mitambo ilikamilika mwaka 2017. Laini ya kupeleka umeme Suswa, zaidi ya kilomita 400, haikuwa tayari. Mabawa yakakaa yakitazamana hadi Septemba 2018, na Mkenya akatozwa faini ya ucheleweshaji kwa umeme ambao haukuwasha hata balbu ya choo. Kisha mwaka 2021 Mahakama ya Mazingira na Ardhi huko Meru ikasema hati za ardhi ile zilitolewa bila kufuata sheria, baada ya wafugaji kulalamika kwa miaka.

Upepo wa bure, waya wa deni, ardhi ya watu.

6. "Nyuklia nayo ina moshi wake, mnafichwa"

Kila kitu kina moshi wake ukihesabu saruji, chuma, uchimbaji na malori. Jopo la Umoja wa Mataifa la mabadiliko ya tabianchi, IPCC, lilifanya hesabu hiyo mwaka 2014, kuanzia mgodini hadi jalalani. Kwa kila uniti moja ya umeme, makadirio ya katikati yalikuwa gramu 820 za hewa ukaa kwa makaa ya mawe na 490 kwa gesi. Paneli kubwa za sola zilipata 48, jotoardhi 38, maji 24, nyuklia 12, na upepo wa nchi kavu 11.

Basi Timu Upepo imeshinda kwa gramu moja. Wapewe kombe, turudi kwenye mambo ya maana.

5. "Itatuua, na taka zake zitawaua wajukuu"

Hapa tutakaa kidogo, maana hofu hii haichekwi.

Kwa takwimu tupu, Timu Kinu iko sawa. Watafiti waliolinganisha vifo kwa kiasi kilekile cha umeme wanaona makaa ya mawe yakiua kama watu 25 kwa kila terawati-saa, wengi wao kwa moshi unaoingia mapafuni kimyakimya. Nyuklia, upepo na jua, kila kimoja hakifikishi hata sehemu moja ya kumi ya mtu mmoja, na hapo Chernobyl na Fukushima zimeshahesabiwa. Nishati jadidifu iliyowahi kuua watu kwa maelfu ni maji: bwawa la Banqiao lilipobomoka nchini China mwaka 1975. Sijawahi kuona bango la kupinga maji.

Lakini mvuvi wa Uyombo hakuuliza habari za terawati-saa. Aliuliza kuhusu bahari. Kinu hunyonya maji ya kujipoza na kuyarudisha yakiwa na joto, na jirani zake pale ni hifadhi ya bahari ya Watamu, mikoko ya Mida, na msitu wa Arabuko-Sokoke. Ni swali halali, lenye majibu ya kitaalamu, na lilistahili mtu wa kukaa mkekani na kulijibu. Mei 2024 waandamanaji walitawanywa na polisi kwa nguvu. Ukitaka watu waamini kwamba kitu ni salama, kuwapelekea kirungu kama maelezo ya awali si mbinu nzuri. Baadaye macho ya serikali yakageukia Siaya, ufuoni mwa Ziwa Victoria. Uyombo wakapata pumzi. Ngege wa Siaya hawajaulizwa.

Na taka? Finland imechimba mapango kwenye mwamba, zaidi ya mita 400 chini ya ardhi, mahali paitwapo Onkalo, ili kuzika fueli iliyotumika. Inawezekana, basi, kwa nchi yenye subira na utaratibu. Sisi jalala letu la Dandora, Nairobi, lilitangazwa kujaa mwaka 2001.

Malori bado yanaingia.

4. "Tazama Ulaya"

Timu Kinu hupenda hii, na wana haki. Ufaransa, iliyoumizwa na bei ya mafuta, ilipitisha mpango wa waziri mkuu Messmer mwaka 1974, ikajenga vinu mfululizo, na leo kama theluthi mbili ya umeme wake ni nyuklia. Ujerumani ilimwaga mabilioni kwenye jua na upepo, kazi ya kusifika, kisha tarehe 15 Aprili 2023 ikazima vinu vyake vitatu vya mwisho huku mitambo ya makaa ya mawe ikiendelea kufuka. Matokeo ni kwamba umeme wa Mjerumani una hewa ukaa mara kadhaa kuliko wa Mfaransa. Kuzima kilicho safi kabla ya kilicho kichafu ni kuanza kudeki uani ilhali sebule ina matope.

Timu Upepo ina jibu moja tu hapa: mwaka 2022 karibu nusu ya vinu vya Ufaransa vilisimama, vingine kwa kutu kwenye mabomba, vingine kwa matengenezo, na joto la mito likaongeza tatizo. Muuza umeme mkubwa wa Ulaya akageuka mnunuzi mwaka huo.

Kumbe hata kinu huugua. Tofauti ni kwamba kikiugua, hakiugui peke yake.

3. "Kitaisha lini, na kwa pesa za nani?"

Flamanville 3, Ufaransa: ujenzi ulianza 2007, bei ya mwanzo euro bilioni 3.3. Kiliunganishwa kwenye gridi Desemba 2024, miaka 12 nyuma ya ratiba, na bei ikiwa imepita euro bilioni 13. Olkiluoto 3 ya Finland: kuanza 2005, kazi kamili 2023. Vinu viwili vya Vogtle, Marekani: zaidi ya dola bilioni 30, mara mbili ya ahadi. Kama fundi wa nyumba yako angekufanyia hivyo, mngeonana kwa chifu.

Timu Kinu huinua kidole: na Barakah je? Kweli. Abu Dhabi iliwaita Wakorea, ikaanza kujenga 2012, na kufikia 2024 vinu vinne vilikuwa vinafanya kazi, vikitoa kama robo ya umeme wa Falme za Kiarabu. Pale umeme mwingine ulikuwa wa gesi, kwa hiyo hewa ukaa iliyookolewa inaonekana kwa macho. Lakini Abu Dhabi ilikuwa na fedha taslimu, na Wakorea wenyewe walikuja na mazoea ya kujenga vinu nyumbani. Sisi tuna Wakala wa Nishati ya Nyuklia, NuPEA, na kalenda inayonyumbuka: mwaka 2027 uliwahi kutajwa kuwa wa kuwasha umeme, kisha ukawa wa kuanza ujenzi, na kuwasha kukasogezwa 2034.

Katika muda huohuo bei ya umeme wa sola duniani imeanguka kwa takriban asilimia 90 tangu 2010. Kinu kinapanda bei kikijengwa. Paneli inashuka bei ikiwa bado dukani.

2. "Jua likizama utapikia nini?"

Ndiyo hoja bora ya Timu Kinu, na ndiyo inayowaumbua. Jua huzama, upepo hupumzika, na gridi inahitaji kitu kisicholala. Sawa kabisa. Ila Kenya kitu hicho inacho tangu 1981, mtambo wa kwanza wa jotoardhi huko Olkaria, Naivasha, ulipowashwa. Jotoardhi ya Naivasha haijui usiku wala mchana, na ndiyo inayotoa sehemu kubwa kuliko chanzo kingine chochote cha umeme unaozalishwa nchini, kati ya asilimia 40 na 50. Usiku wa manane, Wakenya wakilala, mvuke huachwa upotelee hewani kwa kukosa wa kuutumia. Na bado Rais Ruto amekiri hadharani kwamba kati ya saa kumi na moja jioni na saa nne usiku baadhi ya maeneo hukatiwa umeme kwa kuwa hautoshi.

Yaani saa nane usiku tuna ziada, saa moja jioni tuna njaa. Kinachokosekana hapo ni betri, mabwawa yanayofunguliwa jioni, na nyaya. Kinu kinachopenda kutoa kiasi kilekile saa 24 kitatuongezea mvuke wa kutupa saa nane. Habari ya nyaya muulize Mtanzania: Bwawa la Julius Nyerere kwenye Rufiji lina mitambo tisa, megawati 2,115, yote ilikamilika 2025, na mwaka huohuo Rais Samia alieleza kwa nini mikoa ya kaskazini itanunua umeme wa Ethiopia kupitia Kenya. Kuusafirisha kutoka kusini kunapoteza mwingi njiani. Watu mtandaoni walicheka, wahandisi hawakucheka.

Halafu kuna ukubwa. Kanuni inayofuatwa na wataalamu wa gridi, ikiwemo Shirika la Kimataifa la Nguvu za Atomiki, ni kwamba mtambo mmoja usizidi kama asilimia 10 ya gridi nzima, ili ukizimika ghafla nchi isizimike nao. Mwanzoni mwa 2025 mahitaji ya juu ya Kenya yalikuwa kama megawati 2,300. Kinu kilichopangwa kilikuwa cha 1,000. Tarehe 25 Agosti 2023 nchi iliingia giza hadi uwanja wa ndege wa Jomo Kenyatta. Kampuni ya umeme ilisema chanzo ni kupotea kwa umeme wa Turkana. Wenye mitambo wakasema hitilafu ilitoka kwenye gridi na ndiyo iliyowatoa. Yeyote aliyesema kweli, kiasi kilichotoka kilikuwa kama megawati 270.

270 zilitulaza gizani. Sasa fikiria 1,000. Vinu vidogo? Urusi ina meli yenye viwili tangu 2020. Wengine wengi wanaovitangaza wana brosha nzuri sana.

1. "Tunapunguza hewa ukaa ipi?"

Swali hili hakuna timu inayolipenda. Takriban asilimia 90 ya umeme unaozalishwa Kenya tayari ni mvuke, maji, upepo na jua. Ukijenga kinu kesho asubuhi kwa miujiza, utafukuza jenereta chache za dizeli, basi. Kinu hichohicho kikipelekwa Afrika Kusini, ambako umeme mwingi bado ni makaa ya mawe na Koeberg imefanya kazi yake nje ya Cape Town tangu 1984, kila uniti yake ingezima moshi wa kweli. Mimi si adui wa kinu. Ninakionea huruma kikiletwa mahali ambapo hakina wa kumfukuza.

Hewa ukaa ya Kenya na gesi zenzake ziko kwa ng'ombe, kwenye misitu inayogeuzwa mkaa, na kwenye bomba la nyuma la matatu. Na ushindi mkubwa kuliko wote kwenye umeme ulipatikana bila kujenga chochote: Lamu ilipangiwa mtambo wa makaa ya mawe wa megawati 1,050, wananchi wakaenda kwenye mahakama maalumu ya rufaa za mazingira, na Juni 2019 kibali kikafutwa. Wavuvi, wazee na mawakili wakaokoa hewa ukaa ambayo NuPEA haitaiokoa kufikia 2034. Si Timu Kinu wala Timu Upepo iliyowakumbuka kwenye kombe.

Kwa hiyo anayetaka kupunguza moshi mwaka huu aanze na ule mvuke unaotupwa saa nane. Mwaka 2023 ilianzishwa bei maalumu ya kuchaji vyombo vya usafiri vya umeme: shilingi 16 kwa uniti, na 8 saa ambazo gridi imelala. Bodaboda ya umeme inayochajiwa saa hizo inatembea kwa jotoardhi, petroli inabaki kituoni, na mwenye bodaboda hana haja ya kusubiri kibali cha kinu.