Mhadhara wa Matairi Ambao Hakuna Aliyeuomba

Mheshimiwa chefu, wapapa, wamama, na nyinyi vijana wa kinga, yaani baiskeli, mliokalia mabidoni ya mawese: tulieni, elimu inapita.

Mnayemwona mbele yenu ni Daktari wa Matairi, kuanzia hapa Mubi, Walikale, hadi Njingala. Shahada hiyo nilijitunuku mwenyewe, ili pasiwe na upendeleo. Nina miaka kumi na tisa na baiskeli yangu hii niliyoiegemeza mezani, na katika miaka hiyo nimeisukuma kuliko nilivyoipanda. Mwenye kupanda huijua barabara. Mwenye kusukuma huyajua matairi.

Mnausikia huo mlio, sss? Watu wananyamazishana kwa heshima. Asanteni.

Tuanze na historia, maana mtaalamu asiyeanza na historia hulipwa kidogo. Mwaka 1888, huko Belfast, daktari wa mifugo aitwaye John Boyd Dunlop alipata hataza ya tairi la upepo, baada ya kulijaribu kwenye baiskeli ya magurudumu matatu ya mwanawe. Ulaya nzima ikataka mpira. Sehemu yake ilitoka wapi? Katika kamba za porini za msitu huu wa Kongo, ambao tangu 1885 hadi 1908 ulikuwa mali ya Léopold II, mfalme wa Ubelgiji. Kijiji kisichotimiza kilo za mpira kilichapwa, kilichomwa moto, na wako waliokatwa mikono. Kwa hiyo sisi tuliyalipia matairi kabla hatujayaona. Mwezi jana mfanyabiashara mmoja alipopandisha bei nilimweleza jambo hili kwa kirefu: babu alishalipa. Akaniuliza kama babu aliacha risiti.

Sasa, kuchagua. Mjinga hutazama rangi. Msomi husoma ubavuni. Chukueni matairi mawili, yote yameandikwa 28. La kwanza ni 28 x 1½, na pembeni yake utakuta 40-635. La pili ni 28 x 1⅝ x 1⅜, nalo utakuta 37-622. Namba ya mbele ni unene wa tairi kwa milimita. Ya nyuma ni kipenyo cha pale linapokaa kwenye rimu. Tofauti ya 635 na 622 ni milimita 13, hata upana wa kidole gumba hazifiki vizuri. Lakini tairi la 622 haliingii kwenye rimu ya 635, hata padri na mchungaji waliombee kwa zamu. Nina ushahidi: nilijaribu siku mbili. Vijiko vitatu vya mama watoto vilivunjika, cha nne kilipinda, na tangu siku hiyo nyumbani kwangu mimi peke yangu ndiye ninayekula kwa mkono.

Wenye 26 msicheke. La 26 x 1⅜ ni la milimita 590. La 26 x 2.1 ni la 559. Lenye sehemu na lenye nukta hayaoani.

Tuje kwenye unene. Septemba 2025, Kigali iliandaa mashindano ya dunia ya baiskeli za barabarani, mara ya kwanza kufanyika Afrika. Vijana wakarudi wakiniambia: Daktari, tutafute membamba kama yale! Nikawajibu: wanangu, yale yamezaliwa na lami. Nasi lami tunayo, sikatai, iko kule Kilambo. Lakini ile ilizoea ndege ndogo zilizotua barabarani kubeba madini ya kasiteriti ya mgodi wa Bisie kwenda Goma. Ndege zimepata barabara, kinga zimebaki na matope. Basi chukueni tairi nene, lenye meno, na la nyuma mlikague kila wiki, kwa sababu bidoni hukaa nyuma na tairi la nyuma huisha kwanza.

Kuna kijana pale ameinua mkono. Anauliza matairi haya yote ninayoyachambua yanauzwa wapi hapa Mubi. Swali zuri, la utovu wa adabu. Hapa, mwanangu, hatuchagui tairi. Lori likipita matopeni wiki mbili na likafika, tairi ni lile lililofika. Ndiyo maana nakufundisha namba! Tajiri husoma ubavuni apate kuchagua. Sisi tunasoma tupate kukataa, tusirudi nyumbani na 622 kwa bei ya 635.

Mlio umepungua. Naona heshima yenu inaanza kuisha, kwa hiyo nitafupisha.

Kubadilisha. Toa upepo wote. Ingiza mpini wa kijiko chini ya ukingo wa tairi, mwingine pembeni yake, zungusha hadi upande mmoja utoke. Vuta mpira wa ndani, ujaze upepo, uzamishe ndani ya beseni: penye mapovu ndipo penye tundu. Kausha, kwaruza, paka gundi, ngoja ikauke kidogo, bandika kiraka. Tairi likichanika, shona kwa uzi wa nailoni na uweke ndani kipande cha tairi kuukuu. Unaporudisha, tia upepo kidogo kwenye mpira usijikunje, anza na vali, malizia kwa vidole gumba. Kijiko cha kurudishia ndicho kinachong'ata mpira na kukurudisha kwenye beseni.

Na kabla ya kurudisha, amri kuu: pitisha vidole ndani ya tairi, taratibu, mzunguko mzima, mpaka uukute msumari au mwiba uliofanya kazi hiyo. Asiyeutafuta atabandika kiraka asubuhi na kingine jioni. Mimi leo asubuhi nilibandika kiraka changu kwa ustadi mkubwa, na kwa kuwa mlikuwa mnanisubiri, vidole…

Hebu nyamazeni kidogo. Nyamazeni kabisa.

Mbona mlio umekwisha, na meza imeinama upande wa baiskeli?

Naam. Muda wa maswali umefika. Naruhusu moja tu, nalo ni langu: nani ana pampu?