Zizi la Kwenye Simu

Mpwa wangu alikuja kwetu Sepuka likizo ya Juni na mamia ya Pokémon, viumbe wa gemu la Pokémon GO, kwenye simu. Kwao Dar es Salaam, ukishuka tu Mwenge au Kariakoo, wanakutokea. Gemu lenyewe limewekwa hivyo, viumbe hujaa penye watu na vituo vingi vya gemu. Huku kwetu wilayani Ikungi, katikati ya mashamba ya alizeti, alitembea hadi mnadani akarudi na vumbi tupu. Basi akaamua: kama kukamata kumeshindikana, atawapanga alionao.

Na alipanga kwelikweli. Pokémon GO inakuruhusu kumpa kila kiumbe jina lako mwenyewe, mradi lisizidi herufi 12, nafasi na tarakimu zikiwemo. Kila mmoja ana alama tatu za siri, za kushambulia, kujilinda na kustahimili, kila moja kuanzia 0 hadi 15, kwa hiyo aliyekamilika ana 45. Kijana akaunganisha mahali na jumla: Mwenge 44, Mbagala 31, Kariakoo 38. Kigamboni 40 ilijaza nafasi zote 12, akaja kunionyesha shambani.

Mmoja tu hakuwa na namba. Alikuwa Eevee, ambaye ukimgeuza bila mpango anaweza kutoka wa maji, wa umeme au wa moto, bahati yako; lakini ukimwita Sparky kabla ya kumgeuza, atatoka Jolteon, yule wa umeme. Ujanja huo unafanya kazi mara moja tu kwa kila jina. Kijana alikuwa ameshamwita Sparky na pipi 25 za kumgeuza zimetimia, ila alitaka amgeuze siku ya kuondoka, mbele yetu sote.

Jioni moja alikwenda kuoga, simu ikabaki kwenye chaji ya sola. Binti zangu wawili, ambao namba ya siri walishaijua siku ya kwanza, wakaichukua na kwenda kukaa mkekani na Bibi yao, mama yangu, aliyekuwa anapeta mtama.

"Huyu nani?" Mama akauliza.

"Mwenge 44, Bibi."

"Hilo ni jina au namba ya nyumba?"

Mdogo akagusa alama ya kalamu na kuanza kuandika anavyoambiwa. Asiye na mkia akawa Kibutu, mwenye shingo tupu akawa Kishingo, kama kuku wetu. Ilipofika zamu ya Sparky, Mama alimtazama yale manyoya ya shingoni. "Huyu ni beberu kabisa." Beberu ikaandikwa. Kisha mkubwa akaona kitufe kinang'aa, akakibonyeza. Kioo kikawaka weupe, na alipotokea alikuwa na mkia wa samaki.

"Amekuwa kambare!" Mama alifurahi mno.

Kijana alirudi na taulo begani, akaishika simu, akanyamaza. Halafu akaniita kwa sauti iliyokatika: "Mjomba, Sparky wangu yuko wapi?" Akalia, na sikuona aibu yoyote katika kilio kile. Ilikuwa kazi yake ya siku nyingi. Binti zangu walimwomba kaka yao samahani wakiwa wamepiga magoti. Namshukuru Mungu hawakuwa wamefika kwenye kitufe cha kuwapeleka viumbe kwa Profesa Willow wa kwenye gemu, maana huko hakuna kurudi. Unapewa pipi, basi.

Usiku tulikaa naye kurekebisha. Namba zilipatikana zote: ukiomba tathmini, gemu linakuchorea alama zile tatu, na ukiandika 4* kwenye sehemu ya kutafutia linakuletea wenye 45. Hapo ndipo nilipoona kwamba Mama alikuwa na hoja. Zizini kwake kuna ng'ombe wenye hereni za namba, kama inavyotaka Sheria ya Utambuzi, Usajili na Ufuatiliaji wa Mifugo ya 2010. Namba ile ina kazi yake siku ng'ombe akiibwa. Lakini wakirudi malishoni huitwa Mahari, huitwa Mnada, na yule mwekundu huitwa Deni kwa sababu jirani alitulipa naye. Gemu linakumbuka alama na mahali. Halikumbuki ulikuwa na nani, wala kwa nini humwachii.

"Huyu wa Kigamboni ulikuwa na nani?" Mama akamuuliza.

"Na baba, Bibi. Kwenye pantoni, kabla hajahamishwa kazi."

Akaandikwa Pantoni, akawekewa nyota ili asiweze kutumwa kwa Profesa hata kwa bahati mbaya. Wakaendelea hivyo, Mama akiuliza na binti zangu wakihesabu herufi kwa vidole.

Kambare naye akawekewa nyota, kwa amri ya Mama. Na kwa kuwa aligeuka akiitwa Beberu, ujanja wa Sparky ulikuwa haujatumika. Agosti kijana alipiga simu: amekamata Eevee mwingine Mbagala, amemgeuza, ametoka Jolteon safi, na anaomba jina kutoka Sepuka. Mama alitaka aitwe Radi ya Bibi. Binti mdogo alihesabu mara mbili. Herufi 12, imeingia.