Nge Hawalipi Kodi

Ndugu yangu, kama wewe asubuhi unavaa viatu na kuondoka zako, shukuru Mungu. Mimi huku Dodoma sivai hivyo. Kiatu nakigonga ukutani. Nakipindua. Nakitikisa. Nakigonga tena. Ndipo naingiza vidole nusunusu, macho nimeyafumba. Bodaboda anapiga honi getini, abiria wake bado anajadiliana na soksi.

Ule mwaka 2016 iliposemwa serikali yote inahamia Dodoma, sisi wa Dar tulilia kila kitu. Tulilia vumbi. Tulilia samaki. Nge hakutajwa na mtu. Barua yangu ya uhamisho nimeisoma mbele na nyuma, nge hayumo.

Dar tulikuwa na wadudu wastaarabu bwana. Mende akikuona anakimbia. Mbu anakuja anaimba kabisa, kajitambulisha. Huyu wa huku hakimbii. Unawasha taa ya bafuni, anasimama palepale, mkia juu, mikono kaitanua kama konda anayezuia mtu asishuke bila nauli. Na mimi ninavyojijua, nalipa. Narudi chumbani sijaoga.

Binti yangu ananiambia, "Baba, nge siyo mdudu. Mdudu ana miguu sita. Nge ana minane, ni ndugu yake buibui." Minane! Nani alikaa akahesabu?

Nikamwendea mzee jirani, Mgogo wa hapahapa Nzuguni. Nikamsalimu mbukwa, nikamweleza. Akacheka mpaka kofia ikadondoka. "Mwanangu, mwenye mikono mikubwa usimwogope sana, mbwembwe tu. Muogope mwenye vikono vyembamba na mkia mnene. Huyo ndiye mkali." Asante mzee. Kwa hiyo mimi saa nane usiku, na taulo kiunoni, niiname nimpime mkia?

Halafu mvua zikaanza, jongoo wakatoka. Nilipiga yowe moja tu. Majirani wakaja na marungu wakidhani mwizi. Mzee yuleyule akamwokota jongoo kwa vidole, akamweka nje taratibu, akanitazama kwa huruma. Jongoo haumi. Sasa hivi mtaani habari ni kwamba yule baba wa Dar ana matatizo na jongoo. Najua ulichowaza. Na wao ndicho walichowaza. Mama muuza genge kaanza kuniwekea karanga mbichi na muhogo bila kuombwa.

Lakini aliyenimaliza ni kijana wa kibanda cha miamala ya simu. Ana katochi kake ka mwanga wa zambarau, anakagulia noti feki. Akaniambia, "Mzee, ukimmulika nge na hii gizani, anawaka." Nikacheka. Akaniazima.

Jamani, anawaka! Kijani cha kuelekea buluu, kama hajaumbwa na Mungu yuleyule aliyetuumba sisi. Nilizima taa zote, nikatoka uani. Mmoja kwenye ngazi. Mwingine kwenye rundo la tofali. Mwingine kalalia ukingo wa ndoo yangu ya kuogea, ambayo kila alfajiri naifuata gizani, pekupeku, napiga mluzi. Napiga mluzi, ndugu yangu! Huko nyuma nilikuwa nalala vizuri tu. Hakuna aliyenituma kumulika.

Nikanyakua fagio, nikamwendea wa kwenye ngazi. Kumulika vizuri, mgongoni amejaza vitoto, vyeupe, vidogo kuliko punje ya mchele, vimepandana. Kumbe huwa anawabeba hivyo mpaka wabambue ngozi ya kwanza. Fagio liko juu, mkono umegoma. Unampigaje mama mwenye watoto mgongoni? Yeye hakuwa na mawazo mengi hivyo. Alipiga hatua moja kunifuata, mimi nikaacha ndala zote mbili uani.

Asubuhi nikampigia mwenye nyumba. Nikaongea kwa ukali, kama mtu aliyelipa miezi sita. Akanisikiliza hadi mwisho, akauliza, "Tangu umehamia, umeshaona mende humo ndani?" Nikafikiria. Sijaona. "Sasa unadhani nani anawala?" Akakata simu. Kodi ijayo anapandisha, na sitashangaa akisema ni huduma ya kuua mende.

Kwa hiyo tumejipanga. Kitanda tumekivuta mbali na ukuta, neti tumechomekea pande zote, shuka haligusi sakafu. Tatizo ni choo, kiko uani, na umri wangu huu usiku mmoja hauishi bila kwenda. Mke wangu akiitwa anakoroma kwa makusudi. Aliyebaki ni binti. Anatangulia na katochi, anasema "njia nyeupe baba," nami nafuata nyuma nimeshika bega lake. Juzi kaanza kudai mia mbili. Nikalipa. Nilipomaliza nikagonga mlango anitoe, akaniambia ile ilikuwa ya kwenda, ya kurudi ni mia mbili nyingine.